Mjusi wa buluu anayekaa kwenye mti mmoja

MUTOSHI, KOLWEZI – Picha yake inafika hata kwenye simu za vijana wa hapa, na wengi wakiiona wanasema ni rangi ya kompyuta. Mjusi mdogo, hafiki urefu wa kidole cha mtu mzima ukiondoa mkia, lakini mwili wake wote una buluu kali kama ile ya maji ya sulfate kwenye kiwanda cha shaba. Koo lina mistari myeusi, tumbo lina rangi ya chungwa. Huyo ni dume. Jike ni wa kijani chenye kungʼaa kidogo kama shaba iliyosuguliwa, na mtu wa Kolwezi akiwaona wawili pamoja anafikiri moja kwa moja juu ya mawe mawili anayoyajua vizuri, lile la buluu na lile la malakiti.

Si rangi ya kompyuta. Mjusi huyo yupo, na jina lake kwa wataalamu ni Lygodactylus williamsi. Wanaofuga wanyama wa kutambaa kule Ulaya na Marekani wanamjua sana, wanamweka kwenye masanduku ya kioo sebuleni na wanamlipia dola nyingi. Wasiomjua ni Waafrika wenyewe, ingawa kwao ni hapa Afrika, tena mahali pamoja tu duniani. Habari yake inastahili kusikilizwa Mutoshi, hasa na familia zilizohamishwa kutoka kwenye parseli zao, maana ni habari ya kiumbe ambaye nyumba yake ilivunjwa kwa sababu ya thamani ya kilichokuwa ndani.

Mahali penyewe ni Tanzania, mkoa wa Morogoro, chini ya milima ya Uluguru upande wa mashariki, kwenye njia ya kwenda Matombo. Kuna msitu unaoitwa Kimboza. Ni msitu wa hifadhi wa serikali, lakini mtu asifikirie Upemba au Kundelungu. Kimboza yote ina hekta kama 400, yaani kilomita nne za mraba. Konsesio moja ya wastani hapa Lualaba inaweza kuimeza mara nyingi. Ardhi yake ni mawe ya chokaa yaliyotobolewa na mvua, yana mashimo na makali kama mapanga, na labda ndiyo sababu msitu ulibaki pale wakati mashamba yalikula kila kitu pembeni. Mjusi huyo anapatikana Kimboza, katika msitu wa Ruvu ulio jirani, na katika vipande vingine vidogo vya karibu. Zaidi ya hapo hayupo. Ukivuka mto na kutembea siku nzima hutamwona tena.

Na hata ndani ya msitu hakai popote. Anakaa kwenye mkadi. Mkadi ni mti wenye majani marefu kama panga, yenye miiba pembeni, yanayojipanga kwa kuzunguka juu ya shina. Mtu asiyeujua anaweza kusema ni nanasi lililokua likawa mti. Maji ya mvua yanabaki kwenye shina la majani, wadudu wanakuja, kivuli kipo, na miiba inazuia ndege na nyoka wengi. Kwa mjusi wa sentimita saba au nane, ile ni nyumba yenye ukuta, tanki la maji na duka la chakula. Dume mmoja anashika mkadi mmoja na majike wake. Dume mwingine akiingia, wanagombana: wa kwanza anavimbisha koo, anatikisa kichwa, anajipanua ili aonekane mkubwa. Dume kijana asiye na nguvu anabaki na rangi ya kijani kama jike mpaka apate mahali pake, na hapo ndipo buluu inatoka. Kwa maneno mengine, buluu ile ni cheti cha nyumba.

Ana jambo lingine la ajabu ambalo wafugaji wanapenda kulionyesha. Mijusi wengi wa ukutani wanashika ukuta kwa vidole. Huyu na ndugu zake wa jenasi hiyo wana kitu kilekile pia chini ya ncha ya mkia, kwa hiyo mkia unakuwa mguu wa tano. Ndugu hao wako sehemu nyingi za Afrika, hata Katanga, lakini wengi wao ni wa kijivu na kahawia, wanafanana na gome la mti, na si wengi wanaowatafuta.

Sayansi ilimwandika mwaka wa 1952. Aliyemwandika ni Arthur Loveridge, aliyefanya kazi miaka mingi Afrika Mashariki kabla ya kwenda kwenye jumba la makumbusho la Chuo Kikuu cha Harvard. Alimpa jina la John Williams, mtaalamu wa ndege aliyekuwa kwenye jumba la makumbusho la Nairobi. Baada ya hapo, kwa miaka karibu hamsini, hakuna aliyemsumbua. Waluguru wanaolima pembeni mwa msitu walimwacha, kwa sababu haliwi, hana ngozi, hana pembe, haponyi ugonjwa.

Kisha soko likafunguka.

Katikati ya miaka ya 2000 wafugaji wa Ulaya walianza kumwona sokoni. Mnyama mdogo, anatembea mchana, hasumbui kwa chakula, na ana rangi ambayo karibu hakuna mjusi mwingine anayo. Watafiti wa Kijerumani na Watanzania waliofika Kimboza mwaka wa 2009 walijaribu kuhesabu. Walikadiria kwamba wakubwa waliobaki msituni ni kama 150,000. Idadi hiyo inasikika kubwa mpaka usome inayofuata: kati ya Desemba 2004 na Julai 2009, kundi moja tu la wakamataji lilitoa msituni mijusi kati ya 32,310 na 42,610. Gawanya kwa siku. Ni kama 19 hadi 25 kila siku, Jumapili ndani, Noeli ndani, kwa miaka minne na nusu. Na hilo ni kundi moja. Ripoti yao ilitoka mwaka wa 2012, na kichwa chake kilisema wazi kwamba walikuwa wanatazama kutoweka kwa mnyama kukitokea mbele ya macho yao.

Namna ya kukamata ndiyo inayouma zaidi. Mkadi una miiba na mjusi anajificha ndani kabisa, kwenye shina la majani. Kupanda ni kazi, na mara nyingi unarudi mikono mitupu yenye damu. Basi wakamataji waligundua njia fupi: kata mti. Mkadi ukianguka, mijusi wanatoka, unawaokota, unawatia kwenye mfuko, unaenda kwenye mti mwingine. Wale waliobaki nyuma, wadogo na mayai, wanabaki kwenye mti uliokufa. Mkadi hauoti tena kwa mwaka mmoja. Kwa hiyo kila dume wa buluu aliyefika kwenye sanduku la kioo Ulaya kwa njia hiyo aliacha nyuma yake nyumba iliyobomolewa ambayo ingeweza kulea kizazi baada ya kizazi.

Mtu wa Mutoshi akielezwa habari hii, swali la kwanza si la sayansi. Ni hili: nani alilipwa? Na jibu hahitaji kuambiwa, kwa sababu anaijua njia ile tangu utoto. Chini kuna kijana anayeingia msituni na panga. Juu yake kuna negosiya anayenunua kwa kichwa, bei ya sigara na unga. Juu ya negosiya kuna mwenye depo mjini anayejua namba za simu za nje. Juu ya mwenye depo kuna mtu mwenye kampuni ya kusafirisha wanyama hai, anayejaza makaratasi. Mwishoni kuna dirisha la duka ambako bei imeandikwa kwa euro. Badilisha neno mjusi kwa neno kobalti na hakuna kiungo kinachobadilika, hata karatasi za uongo. Kwenye karatasi za mijusi hao mara nyingi liliandikwa jina la ndugu zao, wale wa kawaida wasiokatazwa, maana afisa wa forodha mwenye haraka hawezi kufungua kila kopo kuona rangi. Kimboza ilikuwa hifadhi wakati wote huo. Kukamata ndani yake hakukuruhusiwa hata siku moja.

Ingekuwa rahisi kuandika hapa kwamba wafugaji wa nje ni wezi tu, na kufunga habari. Lakini si kweli, au si kweli kwa wote.

Wako watu ambao wamefuga wanyama wa kutambaa kwa miaka ishirini au thelathini, wanaandika kila kitu kwenye daftari, na wanamjua mjusi huyu kuliko maprofesa wengi. Fundi wa umeme, mwalimu, mzee aliyestaafu. Sanduku lake ni refu kwenda juu, si pana, kwa sababu mjusi ni wa mtini. Ndani ameweka mianzi na ile mimea ya majani magumu yaliyosimama wima ambayo hata hapa Kolwezi watu wanapanda mbele ya nyumba. Juu kuna taa ya joto na taa nyingine yenye miali kama ya jua, kwa sababu bila miali hiyo mifupa ya mjusi inalainika na kupinda. Asubuhi na jioni ananyunyiza maji, mjusi analamba matone. Anamlisha inzi wadogo wa matunda na watoto wa nyenje waliopakwa unga wa kalisi, na siku mojamoja tunda lililopondwa. Haweki madume wawili pamoja, maana mmoja atakufa, kama si kwa meno basi kwa hofu. Jike anataga mayai mawili, anayabandika mahali pa kujificha, na baada ya miezi miwili au mitatu wanatoka watoto wenye urefu wa kucha. Mfugaji mzuri anajua jike gani alizaa na dume gani, na hauzi ndugu wawili kwa mtu mmoja.

Watu wa namna hiyo hawataki mjusi aliyetoka msituni. Kwa hesabu tu ya mfuko, ni hasara: anafika amekauka, ana wadudu tumboni, ameshtuka, na mara nyingi anakufa ndani ya wiki chache. Mjusi aliyezaliwa kwenye kioo anakula siku ya pili. Baadhi ya wafugaji hao ndio waliopiga kelele mapema kwamba bei imeshuka mno, na kwamba hakuna anayeweza kuzalisha kwa bei ile. Mnyama adimu akiwa wa bei ya chini, mtu ajiulize anatoka wapi.

Tatizo ni wale wengine, na wao ni wengi zaidi. Kuna mji unaitwa Hamm, Ujerumani, ambako mara kadhaa kwa mwaka kunafanyika soko kubwa sana la wanyama wa kutambaa. Meza kwa meza, makopo ya plastiki kwa mamia, kila kopo na nyoka, chura au mjusi. Anayekuja pale na mtoto wake Jumamosi anaona buluu ile, anauliza bei, ananunua. Ukimuuliza mjusi wake alizaliwa wapi, atakuonyesha kibandiko kinachosema alizaliwa nyumbani kwa mfugaji. Labda ni kweli, labda aliyekibandika alikata mkadi. Kwa macho huwezi kuwatofautisha, na hapo ndipo mfugaji mwaminifu na mwizi wanapokutana kwenye meza moja bila kutaka.

Sheria ilikuja polepole. Mwaka wa 2012 shirika la dunia la kuhifadhi maumbile, IUCN, lilimweka mjusi huyu kwenye daraja la mwisho kabla ya kutoweka porini. Mwaka wa 2014 Umoja wa Ulaya ulimtia kwenye orodha yake. Kisha Septemba na Oktoba 2016, Johannesburg, nchi zilizosaini mkataba wa CITES zilikutana. Huo ni mkataba wa biashara ya wanyama na mimea ya porini. Kongo imo tangu 1976, na kwa upande wa Kongo anayeusimamia ni ICCN. Kwenye mkutano huo mjusi wa Kimboza aliwekwa orodha ya kwanza, pamoja na tembo wa nchi nyingi, chui na sokwe. Kuanzia Januari 2017, kumtoa msituni na kumuuza nje ya mpaka ni kosa dunia nzima. Mwaka huohuo wa 2016 Tanzania ilisimamisha usafirishaji wote wa wanyama pori hai.

Wasikilizaji wa Kongo wanaukumbuka mkutano huo kwa sababu nyingine. Ni palepale ambapo kasuku wa kijivu na kakakuona walipandishwa orodha ya kwanza. Kasuku aliyejaa kwenye vikapu kutoka Maniema na Tshopo, akipitia Kindu na Kisangani, akifa njiani nusu kwa nusu, alikuwa kwenye meza moja na mjusi ambaye Mkongomani hajawahi kumsikia. Kakakuona bado anaonekana ameninginia kwenye fimbo pembeni ya barabara, na madereva bado wanasimama.

Sasa limebaki swali ambalo wafugaji wenyewe wanabishana juu yake, na ambalo watu wa hapa wana haki ya kuingia ndani yake. Wafugaji wanasema: mjusi huyu hatatoweka tena. Msitu ukiungua kesho wote, wako maelfu kwenye masanduku Ujerumani, Uingereza, Uholanzi, Marekani. Mazoo kadhaa ya Ulaya yanamzalisha. Ameokolewa.

Ameokolewa nini? Yuko hai, hilo hakuna anayekataa. Anakula vizuri kuliko alivyokula msituni, hakuna nyoka, taa inawaka kwa saa. Familia zilizotolewa Kasulo zinajua mazungumzo ya namna hii. Mwaka wa 2014 mtu alichimba Kasulo akakutana na kobalti, kartie nzima ikageuka mashimo, watu wakichimba ndani ya vyumba vyao vya kulala. Mwaka wa 2017 mamia ya familia yakaambiwa yachague pesa au nyumba mpya Samukinda. Nyumba zile zina ukuta na bati. Mtu wa ofisi akipita anahesabu ukuta na bati, anaandika kwamba familia zimehamishwa vizuri. Hahesabu jirani aliyeshika mtoto wakati mama yuko sokoni, wala umbali wa shule, wala kaburi la baba lililobaki upande wa pili wa senyenge. Na waliokimbia kutoka mbali zaidi, wanaolala kwa ndugu hapa Mutoshi wakingoja habari za kwao, wanajua kwamba kupata bukari kila jioni si jibu la swali wanaloulizwa na watoto.

Mtu si mjusi, na mfano huu usivutwe zaidi ya urefu wake. Lakini kuna jambo la kweli kabisa ndani yake hata kwa sayansi. Mjusi wa kwenye sanduku hawezi kurudishwa hivihivi. Hakuna anayejua babu zake walitoka Kimboza au Ruvu. Anaweza kubeba ugonjwa wa mijusi wa nchi nyingine aliowekwa karibu nao. Baada ya vizazi kumi chini ya taa, waliobaki ni wale wanaovumilia taa. Na zaidi ya yote, kurudi kunahitaji mahali pa kurudi. Bila mkadi hakuna mjusi, hata ungeleta ndege nzima ya makopo.

Na mkadi wenyewe una maadui wasiojali biashara ya mijusi. Kuna mti mrefu uliotoka Amerika ya kitropiki, Cedrela, ulioletwa na kupandwa kwa ajili ya mbao wakati fulani. Uliingia Kimboza na sasa unaongezeka wenyewe na kusukuma miti ya asili. Kuna moto kutoka mashambani wakati wa kiangazi. Kuna wakata miti na wachoma makala. Watu wanaoishi pembeni si matajiri, na hapo orodha ya Johannesburg inaonyesha upungufu wake: iliwaambia wanakijiji mjusi haramu kuuza, lakini haikuwaambia mkadi uliosimama utawalipa nini. Kijana aliyekuwa akikata mkadi kwa faranga chache hakuacha kuwa na njaa Januari 2017. Wafugaji waliopata furaha ya miaka mingi kutoka kwenye kilomita nne zile, na wengine pesa, wangeweza kuanza hapo. Kulipa mishahara ya walinzi wachache wa kijiji na watu wa kungʼoa Cedrela si mzigo kwa watu wanaonunua taa za euro mia.

Katanga ina wa kwake wa namna hii, tena bila rangi ya kuvutia masoko. Kwenye vilima vya shaba, ambako udongo una sumu kiasi kwamba miti haioti na kilima kinaonekana na upara katikati ya msitu wa miombo, kuna mimea midogo inayoishi hapo tu. Wazee wa kuchimba waliitumia kama ramani kabla ya mashine: ukiona ua fulani, chini kuna jiwe. Mmoja una jina la kobalti yenyewe, Crotalaria cobalticola. Mbelgiji Paul Duvigneaud aliishughulikia mimea hiyo miaka ya 1950, na baadaye François Malaisse wa Lubumbashi aliifuata kwa miongo. Wataalamu wamehesabu zaidi ya aina 30 ambazo haziko popote duniani ila kwenye vilima hivyo. Kila kilima ni Kimboza ndogo. Na kilima cha shaba, kwa tabia yake, ndicho cha kwanza kuliwa na ekskaveta. Baadhi ya mimea hiyo inahesabiwa kuwa imekwisha au inakaribia kwisha, na hakuna mfugaji wa Hamm aliyeiweka kwenye kioo.

Jambo moja la vitendo, kwa wazazi wa Mutoshi. Simu inaleta picha, na picha inaleta mtu anayeuliza kama watoto wanaweza kukamata mijusi, vinyonga, kasa wa nchi kavu, kwa faranga kidogo kwa kichwa. Ikitokea, ni vizuri kujua kwamba kinyonga naye yuko kwenye orodha za CITES, na kwamba akikamatwa mtu, atakuwa mtoto mwenye mfuko, si mwenye namba ya simu. Kwamba biashara hii si mchezo, watu wa Lubumbashi walijifunza Septemba 2022, wakati sokwe watatu wadogo walipoibwa usiku kwenye makao ya J.A.C.K. na wezi wakaomba pesa ya kuwakomboa, kama vile wanavyofanya kwa watoto wa watu.

Na kwa watoto wenyewe, ambao swali lao la kwanza juu ya kila mnyama ni «Tata, analiwa?» na la pili ni kama ana sumu: yule mjusi mkubwa mwenye kichwa cha buluu anayepiga pushapu kwenye miti ya maembe hana sumu. Hakuna mjusi wa Katanga mwenye sumu ya kuua mtu. Anayerushiwa mawe kila likizo kwa sababu ya buluu ya kichwa chake anakula mchwa na siafu, na buluu ile inasema kitu kilekile inachosema kwa binamu yake wa Kimboza: hapa pana mwenyewe.

Huko Kimboza, mkadi uliokatwa haurudi haraka kati ya mawe ya chokaa. Mjusi hahamii kwenye mkadi wa magotini. Anangoja uwe na majani marefu ya kutosha kushika maji.